Shangazi na chanjo ya Ohio: uchambuzi wa kisa kimoja

Ujumbe uliingia Februari 2023, baada ya swala ya isha, tukiwa tumekaa barazani kwa Shangazi, Dunda, Bagamoyo. Ulitoka kwa binti yake wa pekee anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Kulikuwa na video fupi ya taarifa ya habari ya Kiingereza, na chini yake maneno haya: "Mama, chanjo ya saratani ya matiti imepatikana. Wanaijaribu Cleveland, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari kutoka kwangu. Wanatafuta wanawake waliougua aina ileile uliyougua wewe. Nataka uje."

Shangazi alisoma, akarudia, kisha akanikabidhi simu. "Wewe ndiye uliyefanya kazi ya chanjo. Nieleze."

Ni kweli niliifanya. Kwa miaka kadhaa nilizunguka vijiji vya huku kwetu, Kiwangwa, Fukayosi, Yombo, nikiwasomea akina mama fomu za ridhaa za utafiti wa chanjo ya malaria, ukurasa kwa ukurasa, mtoto akiwa mgongoni na jembe likiwa limeegemezwa ukutani. Najua ni wapi macho ya msikilizaji huanza kupotea. Najua sentensi inayoitikiwa "ndiyo" kabla haijaisha. Lakini sikuwahi kumsomea fomu hiyo mtu wa damu yangu, na wiki zilizofuata nilijifunza mambo ambayo semina zote nilizokaa sikuyapata. Naandika kwa ruhusa yake. Nilipomwomba alijibu: "Andika, maana video ile haikuja kwangu peke yangu."

Hali yake ilivyokuwa

Uvimbe aliugundua mwishoni mwa 2020, akioga. Alikuwa na miaka 51. Anasema ulikuwa mgumu, mdogo kama kokwa ya zambarau chini ya ngozi, wala hauumi. Kwa kuwa hauumi, aliuacha miezi minne. Hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa, kwa sababu saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni, na sisi tumezoea kumwendea daktari pale maumivu yanapotutoa kitandani. Hata hivyo aliwahi kuliko wengi. Wanawake wengi wa Tanzania hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Yeye alikutwa hatua ya pili.

Kilichukuliwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, kikapimwa, na majibu yakarudi na maneno mawili ambayo familia nzima ilikuja kuyajua: hasi tatu. Seli za saratani ya titi hupimwa vitu vitatu, yaani vipokezi vya homoni ya estrojeni, vipokezi vya projesteroni, na protini iitwayo HER2. Kikionekana kimojawapo, daktari anapata mlango wa kupitia: kuna vidonge vya kuzuia homoni, kuna dawa za kuikamata HER2. Shangazi hakuwa na hata kimoja. Kwake ilibaki kemo, yaani dawa za dripu za kuua seli za saratani, kisu na mionzi. Titi la kulia liliondolewa pamoja na tezi za kwapani, na mionzi ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilikamilika Juni 2022.

Baada ya hapo hakupewa kidonge chochote. Wenzake aliokuwa akikaa nao kwenye benchi la kliniki waliendelea na tamoxifen, dawa ambayo humezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Yeye aliambiwa arudi baada ya miezi mitatu. "Wenzangu wana kidonge," aliniambia siku moja. "Mimi nina tarehe tu." Usipoielewa sentensi hiyo, huwezi kuelewa kwa nini video ya dakika mbili ilimkosesha usingizi. Saratani ya hasi tatu ikirudi, mara nyingi hurudi mapema, ndani ya miaka mitatu ya kwanza au karibu na hapo. Ukivuka mitano, hatari hushuka sana. Ujumbe wa binti yake ulimkuta katika mwezi wa nane.

Kuna jambo moja zaidi, nalo naliweka mapema kwa sababu kila mtu alilisahau. Tangu tezi za kwapani ziondolewe, mkono wake wa kulia huvimba akifanya kazi nzito, na wauguzi walimkataza usidungwe sindano wala usifungwe kipimo cha presha. Mkono wa kushoto ndio uliobeba dripu zote za kemo, na mishipa yake imekuwa migumu. Nimemsindikiza kliniki, nikamwona muuguzi akiukanda, akiupigapiga, akiufunika kwa kitambaa cha maji ya moto ili apate damu ya kujaza chupa moja. Nyumbani nazi anakunia mkono huohuo. Anakaa juu ya mbuzi, anashika kifuu kwa vidole vya kushoto ambavyo havikuizoea kazi hiyo, anakizungusha polepole, na nusu ya nazi inadondokea nje ya sinia. Hataki kusaidiwa.

Neno lililotuchanganya

Jumapili tulikaa kikao. Alikuwepo baba mdogo, ambaye ni mdogo wake Shangazi, jirani mmoja mama mtu mzima, mimi, na binamu, yule binti wa Shangazi, akiwa kwenye simu iliyowekwa spika juu ya kigoda.

Jirani alianza. "Si kama ile wanayochomwa mabinti shuleni?" Alikuwa akisema chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Swali lake lilikuwa zuri, na lilionyesha tatizo lilipo. Chanjo ile inazuia kirusi, HPV, na kirusi kikizuiwa saratani inakosa mzizi. Saratani ya titi haina kirusi cha namna hiyo. Tukisema "chanjo" tunafikiria kitu anachopewa mtu mzima wa afya ili asiugue, kilichokwisha kuthibitishwa, kinachogawiwa bure zahanati. Cleveland walikuwa na kitu kingine kabisa, ila kimevaa jina lilelile.

Baba mdogo naye akaja na hoja iliyonigusa zaidi, kwa sababu ilikuwa hoja yangu mwenyewe ya siku zote. "Malaria imejaribiwa hapahapa Bagamoyo. Watu walisema watoto watakufa, watoto hawakufa, na leo nchi nyingine za Afrika zinaitumia ile chanjo. Kwa nini dada aogope?"

Nilijisikia fahari, na fahari hiyo ilinipotosha kwa siku kadhaa. Nakiri wazi kwamba nilitaka aende. Nilishaona utafiti ukiendeshwa kwa heshima, nilishaona watoto wakifuatiliwa nyumba kwa nyumba, na nikachukua imani hiyo nikaihamishia Ohio bila kuikagua. Ilinibidi nirudi kwenye miaka.

Chanjo ya malaria anayoisema baba mdogo, RTS,S, ilitengenezwa maabara mwaka 1987. Kabla ya kugusa mtoto wa kwanza wa Bagamoyo ilikuwa imepita kwa watu wazima wa kujitolea Marekani na Ubelgiji, ikaenda kwa watu wazima wa Gambia, ikaenda kwa watoto wa Msumbiji. Hapa kwetu ilianza na watoto wachanga 340. Ndipo mwaka 2009 ukaanza utafiti mkubwa wa awamu ya tatu, watoto 15,460 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Hiyo ni miaka 34, na mwisho wake ni chanjo inayopunguza vipindi vya malaria kwa kiasi cha theluthi moja hivi, jambo kubwa sana kwa mama wa Kiwangwa, lakini bado si ukuta.

Sasa tazama upande wa pili. Chanjo ya Cleveland ilianza kuingia kwa binadamu Oktoba 2021. Ilikuwa awamu ya kwanza. Mama niliyekuwa nikimsomea fomu vijijini aliombwa ajiunge na chanjo ambayo wengine wengi walishaibeba mwilini kabla ya mwanawe. Shangazi angekuwa miongoni mwa hao wa mwanzo kabisa.

Baba mdogo alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema: "Kwa hiyo yeye ni Mbelgiji." Hakuna aliyecheka, maana alikuwa amelielewa jambo vizuri kuliko nilivyolieleza.

Chanjo yenyewe, na swali inalouliza

Wazo lililo nyuma yake ni zuri, na sitaki mtu asome hapa adhani nalidharau. Kuna protini iitwayo alfa-laktalbumini. Mwili wa mwanamke huitengeneza kwenye titi mwishoni mwa mimba na wakati wa kunyonyesha, basi. Mtoto akiachishwa, kazi inakoma. Ila saratani nyingi za hasi tatu huiwasha tena, katika umri ambao hakuna mtoto wala maziwa. Mwanasayansi wa hospitali ya Cleveland Clinic, Vincent Tuohy, alifikiri hivi: kama kinga ya mwili itafundishwa kuishambulia protini hiyo kwa mwanamke ambaye hatanyonyesha tena, itakuwa inashambulia saratani tu, kwa sababu hakuna kitu kingine kinachoitumia. Mwaka 2010 alichapisha matokeo ya panya. Ilichukua miaka 11 kufika kwa mwanamke wa kwanza. Yeye mwenyewe alifariki Januari 2023, wiki chache kabla ya ujumbe wa binamu kuingia.

Nilipomweleza Shangazi haya aliweka kiganja upande wa kulia wa kifua, pale palipo bapa. "Maziwa yaliyorudi bila mtoto," alisema. "Kumbe ndiyo hayo." Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na mwanamke ambaye bado anataka kuzaa?" Nikamjibu kwamba huyo haimfai. Kinga iliyofundishwa kuichukia protini ya maziwa haitatofautisha maziwa ya saratani na maziwa ya mtoto. Aliliandika jibu hilo. Kuanzia siku ile alikuwa na daftari dogo la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na kila swali aliliwekea namba.

Watu waliokuwa wakitafutwa walikuwa kama yeye hasa: wanawake waliotibiwa saratani ya hasi tatu ya hatua za mapema ndani ya miaka mitatu iliyopita, hawana uvimbe kwa sasa, lakini wana hatari kubwa ya kurudiwa. Sindano tatu, wiki mbilimbili katikati, na damu ya kuchunguza. Binamu hakuwa amekosea hata kidogo kwenye hilo. Alipokosea ni kwenye neno "imepatikana".

Awamu ya kwanza haiulizi "je, inazuia saratani isirudi?" Inauliza "ni kiasi gani tunaweza kumpa mtu bila kumdhuru, na je, kinga ya mwili inaitikia?" Kikundi cha kwanza hupewa dozi ndogo, wakivumilia kinafuata kikundi cha dozi kubwa zaidi. Atakayeingia mwanzo huenda akapata kiasi kidogo mno kufanya lolote. Atakayeingia mwisho huenda akapata kiasi kinachomletea madhara. Daktari anayekudunga anakujali, lakini ile sindano haikupimwa kwa ajili yako, imepimwa kwa ajili ya wale watakaokuja baada ya miaka kumi. Mtu anaweza kuitoa zawadi hiyo kwa moyo mweupe. Asiitoe akidhani ananunua dawa.

Hili ndilo nililokuwa nikiliona vijijini na sikuwa na maneno yake. Mama anaitika kila sentensi ya fomu, anajua sindano ngapi, anajua ziara ngapi, kisha ukimuuliza "kwa nini umejiunga?" anasema "ili mtoto atibiwe". Hajadanganywa. Amesikia neno "daktari" na neno "chanjo", na maneno hayo mawili yana uzito kuliko kurasa kumi na mbili. Binamu, mwenye shahada na miaka sita Marekani, alifanya vilevile. Elimu haikumkinga, kwa sababu kilichokuwa kinasikiliza si kichwa.

Kuhusu kinga ya mwili kuitikia, nilimwomba binamu asikimbilie kufurahi. Saratani ya titi imeshaona chanjo zikiamsha kinga vizuri kwenye vipimo halafu zisimsaidie mgonjwa. Moja iliitwa Theratope. Ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 1,000 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, wakapata kingamwili za kutosha, lakini hawakuishi zaidi ya wenzao. Nyingine, NeuVax, ilifika awamu ya tatu ikiwa na wanawake 758, na mwaka 2016 ikasimamishwa baada ya kuonekana kwamba kuendelea hakutaonyesha faida. Hakuna aliyefanya uzembe. Ndivyo utafiti ulivyo.

Daftari la Shangazi

Nilitaraji mjadala uwe wa sayansi. Ukawa wa mkono.

Swali lake la nne lilikuwa: "Damu watatoa wapi?" Utafiti wa kupima kinga unaishi kwa damu. Damu kabla ya sindano, damu baada yake, damu miezi kadhaa mbele. Chupa moja kliniki ya kawaida ilikuwa vita. Mkono wa kulia haugusiki. Wa kushoto umechoka. Mimi niliyeuona mkono ule ukikandwa, kwa macho yangu mawili, sikuliwaza, na binamu, aliye mbali, hakuwahi kuuona. Zipo njia, kuna vifaa vya kuwekwa kwenye mshipa mkubwa, lakini hivyo navyo vina hatari zake za vidonda na damu kuganda, na sasa tungekuwa tunaongeza utaratibu juu ya utaratibu kwa ajili ya jibu lisilokuwa lake.

Swali la sita: "Nikiumia, nani ananitibu, na kwa fedha ya nani?" Fomu nzuri ya ridhaa ina aya ya jambo hili, na ninamsihi yeyote anayefikiriwa kwa utafiti wowote aanze nayo kabla ya kusoma mengine. Tanzania utafiti wa dawa hupita kwenye kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na suala la bima ya washiriki huulizwa mapema. Marekani sheria inataka fomu iseme wazi kama kuna matibabu au fidia endapo mshiriki ataumia. Inataka iseme tu. Haimlazimishi mtafiti kuvitoa. Kwa raia mwenye bima kubwa hilo ni suala la makaratasi. Kwa mama wa Dunda mwenye visa ya miezi sita, homa moja ya kulazwa ingeweza kula nyumba.

La saba lilikuwa gumu zaidi kwangu. "Nikirudi huku, nikaugua usiku, daktari wa hapa atajua nilichowekewa?" Kinga iliyoamshwa haizimwi kwa kupanda ndege. Kama mwili wake ungeleta jambo miezi minne baadaye, mtu wa kwanza kumwona angekuwa daktari wa zamu ambaye hajawahi kusikia alfa-laktalbumini, na angekuwa na haki kabisa ya kutojua. Watoto wetu wa malaria walikuwa na mtu wa kuwafuata mpaka mlangoni. Hiyo ndiyo sehemu ya utafiti ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo isiyoweza kufungwa kwenye begi.

Kwenye visa, nauli na baridi sitakaa sana. Kwa kawaida mshiriki halipii dawa inayochunguzwa, lakini ubalozi unataka kuona barua za daktari na uwezo wa kujilipia, na tikiti ni tikiti. Tungechangishana. Ukoo wetu umewahi kuchanga zaidi ya hapo kwa harusi.

Lakini swali lenye uzito kuliko yote halikuwa kwenye daftari. Lilitoka usiku mmoja nilipompigia binamu peke yake, kumweleza habari ya mkono. Alinyamaza, halafu akaanza kulia. "Dada," alisema, "mimi sikuwepo hata siku moja ya dripu. Hata moja. Wewe ndiye uliyemshikia beseni." Mipaka ilikuwa migumu wakati wa korona, karatasi zake zilikuwa hazijakamilika, na akamtazama mama yake akipoteza nywele kupitia kioo cha simu. Chanjo ilikuwa kitu cha kwanza ambacho kilikuwa kwake na hakikuwa kwetu. Alikuwa na cha kumpa mama yake, hatimaye, na mimi nilikuwa nakuja na takwimu za Theratope.

Nadhani visa vingi vya aina hii vina kitu kama hicho chini yake, na anayeshauri bila kukitafuta anashauri hewa. Tulikuwa tunajadili sindano, kumbe mtu alikuwa anaomba nafasi ya kumuuguza mama yake.

Alivyoamua

Aliamua mwishoni mwa Machi, katika mwezi wa Ramadhani, baada ya kufuturu. Hakuita kikao. Alimpigia binti yake mwenyewe, akaniambia nikae nisikie.

"Mwanangu, sitaingia. Siogopi. Kama wangeileta hapa Bagamoyo, kwa madaktari ninaowajua na nyumbani kwangu ni pale, ningeingia hata kwa mkono huu mmoja. Lakini nije nchi ya watu, nitoe damu nisiyokuwa nayo, nirudi nikiwa na kitu mwilini ambacho hakuna wa kukisoma, hapana. Nauli uliyotaka kunitumia, njoo nayo wewe."

Sentensi ile ya Bagamoyo imenikaa. Marekani kwenyewe wanawake weusi huipata saratani ya hasi tatu karibu mara mbili ya wanawake weupe, na Afrika madaktari wanaiona kwa wingi, mara nyingi kwa wanawake wadogo kuliko Shangazi. Mji huu una maabara, wauguzi waliofundishwa, na watu ambao wameshaelewa maana ya awamu, ridhaa na kujitoa. Mwaka 2012 kulikuwa na vijana wa kujitolea hapa waliokubali kuambukizwa malaria kwa makusudi chini ya uangalizi, ili sayansi isogee. Kusema kwamba watu wetu hawawezi kushiriki utafiti mgumu si kweli. Inaniuma kwamba mwanamke aliye tayari yupo Dunda na swali linaloulizwa liko Cleveland.

Je, aliamua sawasawa? Kwa taarifa zilizokuwepo Machi 2023, naamini ndiyo, na ninaamini pia kwamba mwanamke mwingine mwenye ugonjwa uleule, anayeishi Ohio, mwenye mishipa mizuri na bima, angeweza kuamua kinyume na akawa sawasawa vilevile. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2024 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wanawake walioingia kwenye utafiti ule kinga zao ziliitikia, na kero kubwa ilikuwa ngozi kuwasha na kuvimba pale sindano ilipoingia. Wote walikuwa kama 35. Ni habari njema kwa swali lililoulizwa. Kama chanjo inazuia saratani isirudi, watu 35 hawawezi kutuambia.

Nguvu tuliyokuwa tumeitenga kwa safari tuliielekeza kwenye mambo ya karibu. Picha ya titi la kushoto kila mwaka, bila kuruka. Kliniki kila tarehe, hata mvua ya masika ikiwa inamwagika na basi la Makumbusho limekwama Bunju. Orodha fupi iliyobandikwa mlangoni mwa kabati: kikohozi kisichoisha, mfupa unaouma usiku, kichwa kinachouma kwa namna mpya, kimojawapo kikidumu zaidi ya wiki mbili anaondoka bila kusubiri tarehe.

Na kulikuwa na swali la kumi na moja, la mwisho kwenye daftari, ambalo Shangazi aliliandika mwenyewe baada ya kusikia kwamba utafiti wa Cleveland ulikuwa na kundi jingine: wanawake wasio na saratani, waliozaliwa na hitilafu katika jeni kama BRCA1, ambao wameshaamua kuondoa matiti kabla ugonjwa haujaja. Aliandika: "Na mwanangu je?"

Ni swali ambalo kila mwenye saratani ya hasi tatu angefaa kuliuliza, kwa sababu aina hii hufuatana na hitilafu ya BRCA1 kuliko aina nyingine, na mzazi mwenye nayo ana nafasi ya nusu kwa nusu kumrithisha kila mtoto. Mwanamke aliyeirithi ana hatari ya zaidi ya asilimia 60 kupata saratani ya titi katika maisha yake. Tulikuwa tumekaa wiki tano tukijadili mama apande ndege, na hakuna aliyegeuza macho kumtazama binti.

Binamu alikwenda kupimwa. Hakusema lini. Alikuja Bagamoyo Juni, akakaa wiki tatu, akamkunia mama yake nazi kila siku, akampeleka kliniki, akamkanda mkono wa kushoto kwa kitambaa cha moto mpaka mshipa ukajitokeza. Majibu yalimkuta amesharudi Columbus. Alipiga simu usiku wa huku. Alikuwa nayo, BRCA1. Ana miaka 29, ameolewa, hajapata mtoto na anamtaka. Daktari wake alikuwa ameshamweleza kuhusu kipimo cha MRI cha kila mwaka, na mezani pake, alisema, kulikuwa pia na kipeperushi cha utafiti.

"Mama," aliuliza, "lile daftari bado lipo?"

Shangazi alinionyesha juu ya kabati kwa kidevu. Nikalishusha. Akavaa miwani, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Chukua kalamu," alisema. "Namba moja."